Namna ya Kuchagua Skrini ya Kompyuta kwa Michezo, Kazi za Ofisi na Uhariri wa Picha

Anayetafuta skrini ya kompyuta hupokelewa na namba kabla ya kitu kingine chochote: inchi 27, hezi 165, milisekunde 1, niti 400 (kipimo cha mwangaza), rangi bilioni 1.07. Kila namba hujibu swali lake, na mnunuzi asiyelijua swali lake mwenyewe huishia kulipia sifa asizozihitaji. Mchezaji hutaka mwendo usioacha ukungu nyuma yake. Mwandishi na mhasibu hutaka herufi zenye kingo safi na nafasi ya kupanga madirisha mawili au matatu bila kubanana. Mhariri wa picha hutaka rangi anayoweza kuiamini. Skrini moja inaweza kuzihudumia kazi zote tatu, ila haitazihudumia kwa usawa, na uchaguzi wenyewe ni kuamua mapema ni upungufu upi unaoweza kuvumilika na upi hauwezi.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako

Chukua karatasi, na kwa muda wa wiki moja uandike saa unazokaa mbele ya kompyuta pamoja na kile unachokifanya. Zoezi hili laonekana la kitoto, lakini mara nyingi hubadilisha uamuzi kuliko maelezo ya kitaalamu, kwa sababu mtu anayejiona ni mchezaji anaweza kugundua kwamba hucheza saa 6 na kusoma na kuandika saa 40. Ukishapata hesabu, fuata kanuni mbili. Kazi yenye saa nyingi ndiyo iamue ukubwa wa skrini na resolusheni yake, yaani idadi ya pikseli au nukta zinazounda picha, kwa kuwa ndiyo inayochosha macho na shingo. Kazi isiyosamehe makosa ndiyo iamue aina ya paneli, yaani tabaka linalotoa picha, hata kama saa zake ni chache: anayehariri picha za kuchapwa kwa saa 3 tu katika wiki bado anahitaji rangi sahihi katika saa hizo 3, maana picha ikishachapwa vibaya hairekebishiki.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika pia jina la kadi ya michoro iliyomo katika kompyuta yako, matundu ya video iliyonayo, na kina cha meza yako kutoka ukingo unaokaa hadi ukuta ulio nyuma yake. Kina hicho kipimwe kwa utepe wa kupimia, kisikadiriwe kwa macho. Hatimaye angalia dirisha la chumba liko upande gani wa meza, kwa sababu mwanga unaotoka nyuma ya kiti chako utaiangukia skrini moja kwa moja na utaathiri uamuzi kuhusu uso wa kioo.

Hatua ya 2: Oanisha ukubwa, resolusheni na umbali wa macho

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa kuwa wanunuzi huchagua inchi kwanza na pikseli baadaye, kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Kinachoonekana na jicho ni msongamano, yaani idadi ya pikseli katika kila inchi moja ya skrini. Kuupata ni rahisi: zidisha pikseli za upana kwa zenyewe, zidisha za kimo kwa zenyewe, jumlisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa inchi za skrini. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 hupata 92 kwa inchi. Ukizitandaza pikseli hizo hizo kwenye inchi 27 msongamano hushuka hadi 82, na herufi huanza kuonekana zimemegeka kingoni. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 hupata 109, na yenye 3840 kwa 2160, ambayo wauzaji huiita 4K, hupata 163. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba skrini ya inchi 32 yenye 2560 kwa 1440 ina msongamano ule ule wa 92 kama ile ndogo ya inchi 24. Mnunuzi amepata nafasi zaidi, lakini herufi hazijawa safi hata kidogo.

Msongamano huo nao hauna maana bila umbali. Jicho lenye uoni wa kawaida hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya dakika 1, ambayo ni sehemu ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa sentimita 60, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.17, yaani takribani pikseli 145 kwa inchi; kwa umbali wa sentimita 80 ni sawa na pikseli 109. Maana yake ni kwamba anayekaa sentimita 80 kutoka skrini ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 amefika mpakani mwa kile ambacho jicho la kawaida hukitofautisha, ilhali anayekaa sentimita 60 bado ana sababu ya kutaka 4K. Ndiyo maana nilisisitiza kina cha meza kipimwe. Meza yenye kina cha sentimita 60 huacha sentimita 45 au 50 tu baada ya mguu wa skrini kuchukua nafasi yake, na kwa umbali huo skrini ya inchi 32 humlazimisha mtu kugeuza shingo ili aione pembe.

Anayeandika na kusoma kutwa nzima ndiye anayefaidika zaidi na 4K, ingawa mara ya kwanza huenda akashtuka kwa udogo wa maandishi. Dawa yake ni kukuza maandishi ndani ya mfumo endeshi. Skrini ya inchi 27 ya 4K ikikuzwa kwa asilimia 150 hutoa nafasi ya kazi ile ile ya 2560 kwa 1440, isipokuwa kila herufi imechorwa kwa pikseli mara 2.25 zaidi. Asiyetaka kukuza chochote anunue moja kwa moja 2560 kwa 1440 kwenye inchi 27, ambayo mifumo mingi huionyesha vizuri bila marekebisho.

Kwa mchezaji hesabu hugeuka. 4K ina pikseli 8,294,400, ambazo ni mara 4 ya zile za 1920 kwa 1080, na kadi ya michoro hulazimika kuzichora zote kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo. Kadi ya wastani itakayotoa fremu 120 kwa sekunde kwenye resolusheni ndogo inaweza kuhangaika kufikisha 40 kwenye 4K. Zipo mbinu za kupunguza mzigo huo, kama vile DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD, ambazo huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa werevu, na kwa michezo inayozikubali husaidia sana. Usitegemee kupunguza resolusheni ya skrini yenyewe: pikseli 1440 hazigawanyiki sawasawa ndani ya 2160, hivyo picha hupata ukungu, ilhali 1080 hugawanyika mara 2 kamili.

Skrini pana zaidi, yenye inchi 34 na pikseli 3440 kwa 1440, ina kimo kinachokaribiana sana na kile cha inchi 27 ya kawaida. Kilichoongezwa ni pembeni tu. Inafaa kwa lahajedwali zenye safu nyingi na kwa anayependa kuweka zana za kuhariri pembeni mwa picha. Nyingi zimepindwa, na alama kama 1800R humaanisha kwamba mpindo huo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1800. Mchezaji huuzoea mpindo huo upesi. Anayehariri picha za majengo, ambaye kazi yake ni kunyoosha mistari, atafute skrini bapa.

Hatua ya 3: Chagua paneli kwa kujua kasoro yake

Paneli za TN ndizo za zamani na za bei nafuu. Hubadilika haraka, lakini rangi zake hugeuka mara tu unapoinua au kushusha kichwa, na kwa sababu hiyo hazimfai mhariri wa picha kabisa. Paneli za IPS, ambazo Hitachi ilianza kuzitengeneza kibiashara mwaka 1996, zilibuniwa hasa kurekebisha kasoro hiyo ya pembe. Rangi zake hubaki zile zile ukitazama kutoka kando, na kwa hiyo ndizo chaguo la kawaida la ofisi na studio. Kasoro yake ni weusi: sehemu nyeupe huwa na mwanga takribani mara 1,000 tu ya sehemu nyeusi, na usiku chumbani weusi wake huonekana kijivu chenye mng'ao kwenye pembe.

Paneli za VA hufikisha mara 3,000 au zaidi, na filamu au mchezo wenye mandhari ya usiku hupendeza juu yake. Hata hivyo, pikseli zake huchelewa kutoka weusi kwenda kijivu cha giza, na kitu kinachokimbia gizani huacha mkia wa kivuli nyuma yake. Kwa mhariri kuna tatizo jingine lisilotajwa sana: ukitazama pembe ya skrini kutoka katikati, vivuli vya picha hubadilika kidogo, na unaweza kung'arisha sehemu ambayo kwa kweli haikuhitaji kuguswa.

OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli huwaka na kuzimika yenyewe, hivyo weusi ni weusi kamili na pikseli hubadilika kwa muda ulio chini ya milisekunde 1. Kwa michezo sijaona kitu kinachoishinda. Lakini pikseli zake huchakaa kadiri zinavyotumika, na picha isiyosogea kwa miezi mingi, kama upau wa programu ulio chini ya skrini, inaweza kuacha alama isiyofutika. Tena mpangilio wa nukta nyekundu, kijani na buluu ndani ya OLED nyingi haufuati mistari mitatu iliyozoeleka na programu za kulainisha maandishi, kwa hiyo herufi hupata ukingo wa rangi hafifu. Anayeandika saa 8 kwa siku huliona jambo hilo ndani ya dakika tano za kwanza, na anayecheza huenda asilione hata mwaka mzima. Kwa hiyo mtu mwenye saa 40 za lahajedwali na saa 6 za mchezo, hata akivutiwa vipi na picha ya dukani, asikimbilie OLED.

Kati ya pande hizo ziko skrini za IPS au VA zenye taa ndogo za nyuma mamia kadhaa zinazopungua mwanga kila moja katika eneo lake. Hutoa mwangaza mkubwa bila hofu ya alama za kudumu, ingawa nyota ndogo kwenye anga jeusi huzungukwa na duara la mwanga. Wakati wa kuhariri picha kipengele hicho kizimwe, kwa sababu hubadilisha mwangaza wa eneo kufuatana na kilichopo karibu nalo.

Hatua ya 4: Pima mwendo, kama unacheza

Hezi ni idadi ya mara ambazo skrini huonyesha picha upya katika sekunde moja. Kwa hezi 60 kila picha hukaa milisekunde 16.7, kwa 144 hukaa 6.9, kwa 240 hukaa 4.2. Tazama jinsi faida inavyopungua: kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10, na kutoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya 3. Mruko wa kwanza huonekana hata kwa asiyecheza, kwani kipanya na kurasa husogea kwa ulaini mpya. Mruko wa pili huhisiwa na mchezaji wa mashindano ya kulenga shabaha, na hauna faida yoyote kwa anayecheza michezo ya kujenga miji.

Ukungu wa mwendo hautokani na uvivu wa pikseli peke yake. Jicho linapofuata kitu kinachosogea ilhali picha imesimama palepale mpaka fremu ifuatayo, kitu hicho hutandazwa kwenye jicho. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde hupata ukungu wa pikseli 16 kwenye hezi 60, pikseli 8 kwenye 120, na pikseli 4 kwenye 240, hata kama pikseli zenyewe zingebadilika papo hapo.

Kuhusu maandishi ya milisekunde 1 yaliyo kwenye boksi, yasome kwa tahadhari. Mara nyingi hupimwa kwa badiliko moja lililo jepesi kuliko yote, huku skrini ikiwa imewekwa kwenye kiwango cha juu cha kusukuma pikseli, kiwango ambacho katika matumizi halisi huzaa kivuli cheupe cha kinyume nyuma ya vitu. Alama ya MPRT, yaani muda ambao kila picha hubaki ikionekana, ni kipimo kingine kabisa, ambacho hutegemea taa ya nyuma kuwakawaka, na mara nyingi hupunguza mwangaza. Kinachofaa kutafutwa ni vipimo vya watahini huru vinavyoonyesha wastani wa mabadiliko yote, pamoja na ucheleweshaji kati ya kubofya na kuonekana kwa tendo.

Hakikisha pia skrini inaweza kufuata kasi ya kadi ya michoro. NVIDIA ilileta G-Sync mwaka 2013, shirika la VESA likaweka kiwango cha wazi cha Adaptive-Sync mwaka 2014, na FreeSync ya AMD iliyojengwa juu yake ikaingia sokoni mwaka 2015. Bila mpango wa aina hiyo, picha hukatika katikati pale kadi inapotuma fremu mpya kabla skrini haijamaliza ya zamani. Tangu mwaka 2019 kadi nyingi za NVIDIA hufanya kazi na skrini za Adaptive-Sync, kwa hiyo si lazima tena kununua skrini kwa jina la kadi. Angalia masafa yake: skrini inayofuata kuanzia hezi 48 hadi 144 ni bora kuliko ya 48 hadi 75, kwa kuwa namba ya juu ikiwa angalau mara mbili ya namba ya chini, fremu zinaweza kurudiwa kasi inaposhuka chini ya mpaka na mchezo ukabaki laini.

Hatua ya 5: Chunguza rangi, kama unahariri picha

Wigo wa rangi ni kipande cha rangi zionekanazo ambacho skrini inaweza kukionyesha. Wigo wa sRGB ulibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na mpaka leo ndio msingi wa picha za intaneti. Adobe RGB wa mwaka 1998 huongeza hasa kijani na samawati, rangi ambazo printa nzuri huweza kuzichapa lakini sRGB huzikata. Wigo wa P3 ulitoka kwenye sinema na hupanua nyekundu na kijani. Simu nyingi za sasa huutumia. Anayetoa picha kwa ajili ya mitandao tu atosheke na skrini inayojaza sRGB kwa usahihi. Anayechapa kwenye karatasi nzuri atafute inayofunika angalau asilimia 95 ya Adobe RGB.

Soma neno “kufunika” kwa makini. Skrini inayotangazwa kuwa na asilimia 125 ya sRGB inaelezwa kwa ukubwa wa eneo, kama mtu anayesema shamba lake ni kubwa kuliko la jirani bila kusema kama mashamba hayo yamo mahali pamoja. Inawezekana eneo likawa kubwa na bado kona fulani ya sRGB ikakosekana. Wigo mpana nao huleta tatizo lake: programu isiyojua usimamizi wa rangi huonyesha ngozi za watu zikiwa nyekundu kama waliochomwa na jua. Kwa hiyo skrini ya wigo mpana iwe na hali ya sRGB inayoubana wigo huo, na hali hiyo isifunge kitufe cha mwangaza kama zinavyofanya baadhi ya skrini.

Usahihi hupimwa kwa Delta E, ambayo ni umbali kati ya rangi iliyoombwa na iliyotokea. Wastani ulio chini ya 2 ni mzuri, kwa kuwa hapo jicho hupata shida kutofautisha. Paneli ya biti 8 ina hatua 256 kwa kila rangi ya msingi, jumla milioni 16.7, ya biti 10 ina hatua 1,024, jumla bilioni 1.07, na faida yake huonekana kwenye anga la machweo ambalo lingeonyesha mistari. Hata hivyo, ningechagua biti 8 zilizosawazishwa kuliko biti 10 ambazo usahihi wake haujapimwa. Usawa wa mwanga kutoka pembe hadi pembe nao una uzito mkubwa, na boksi mara chache huutaja.

Kifaa cha kupimia rangi kihesabiwe kama sehemu ya bajeti ya skrini, kwa sababu jicho hujizoeza na kosa lolote ndani ya dakika chache. Malengo ya kawaida ni nyeupe ya kelvini 6500, gama 2.2 (namna mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe), na mwangaza kati ya niti 80 na 120. Hilo la mwangaza nililijifunza kwa hasara. Picha zangu za kwanza kuchapwa zilitoka nyeusi kana kwamba zote zilipigwa wakati wa magharibi. Nikaishuku printa, nikabadili wino, nikabadili karatasi, hadi siku nilipoipima skrini na kukuta inang'aa zaidi ya niti 300. Nilikuwa nikizitia giza picha ili zipendeze kwenye taa hiyo kali, na karatasi haina taa ya nyuma.

Kuhusu HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, maneno machache yanatosha. Cheti cha DisplayHDR 400 cha VESA hakidai taa zinazopungua kwa eneo, na skrini nyingi zenye cheti hicho huonyesha HDR kwa jina tu. Tofauti ya kweli huanza kwenye viwango vya juu zaidi au kwenye OLED. Kwa kazi za ofisi jambo hili halihusiki.

Hatua ya 6: Mguu, uso wa kioo na taa

Saa nyingi za ofisi huamuliwa na vitu visivyovutia. Mguu wa skrini uweze kupanda na kushuka, ili ukingo wa juu ulingane na macho au uwe chini yake kidogo. Kama hauwezi, hakikisha mgongoni kuna matundu manne ya VESA ya milimita 100 kwa 100, ambayo hupokea mkono wa kufungia mezani. Anayevaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili aishushe skrini zaidi, asije akainua kidevu siku nzima.

Uso usiong'aa huvunja mwakisi wa dirisha lakini huongeza chembechembe kidogo juu ya nyeupe. Uso unaong'aa hutoa weusi wa kuvutia katika chumba chenye giza, na mchana hugeuka kioo cha kujitazamia. Baadhi ya skrini hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma kwa haraka isiyoonekana, na baadhi ya watu huumwa kichwa kwa hilo. Anayejijua hivyo atafute inayopunguza mwanga kwa kupunguza umeme wenyewe.

Mwenye kompyuta mpakato atafute skrini yenye tundu la USB-C linalopeleka picha na kurudisha umeme wa wati 65 au 90 kwa waya mmoja. Ni tundu linaloondoa waya tatu mezani, na kwa wengine lina thamani kuliko hezi 100 za ziada.

Hatua ya 7: Linganisha kebo na matundu

Skrini ya hezi 144 inaweza kuonyesha 60 kwa miaka kwa sababu ya kebo. HDMI 2.0 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, kiasi kinachotosha 4K kwa hezi 60. HDMI 2.1 inaweza kufika gigabiti 48 na kubeba 4K kwa hezi 120, ila jina la 2.1 pekee halithibitishi kwamba tundu lina uwezo huo wote, hivyo soma resolusheni na hezi zilizoandikwa kwa kila tundu katika kitabu cha maelekezo. DisplayPort 1.2 hutosha 2560 kwa 1440 kwa hezi 144, DisplayPort 1.4 hubeba 4K kwa hezi 120. Chenye uwezo mdogo kuliko vyote kati ya kompyuta, kebo na skrini ndicho kitakachoamua.

Hatua ya 8: Toa uamuzi

Rudi kwenye karatasi yako. Ikiwa saa zimegawanyika kati ya ofisi na michezo, na picha ni za familia na mitandao, inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, paneli ya IPS na hezi 144 au zaidi ndilo jibu la watu wengi, nami ningelianza hapo kabla ya kuangalia kingine chochote. Ikiwa maandishi na picha ndiyo kazi na mchezo ni wa nadra, chukua IPS ya 4K ya hezi 60 yenye wigo unaolingana na mahali picha zako zinapoishia, na fedha iliyobaki iende kwenye kifaa cha kupimia rangi. Mchezaji wa usiku mwenye kadi yenye nguvu na kazi chache za maandishi ndiye OLED ilitengenezwa kwa ajili yake. Mwenye mahitaji makubwa ya pande zote mbili, yaani rangi za kuchapa na hezi 240, mara nyingi atahudumiwa vizuri zaidi na skrini mbili za kawaida kuliko moja ya ghali inayojaribu kila kitu.

Hatua ya 9: Ipime ndani ya siku za kwanza

Ukiiunganisha, fungua mipangilio ya kompyuta na uchague hezi za juu mwenyewe, maana mfumo endeshi unaweza kuanza na 60. Kama weusi unaonekana umefifia kupitia HDMI, angalia kama kadi inatuma rangi za masafa finyu badala ya masafa kamili. Kisha jaza skrini nzima kwa rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu na kijivu, ukitafuta pikseli iliyokufa au iliyokwama. Kiwango cha ISO 9241-307 hugawa paneli katika madaraja, na katika daraja ambalo watengenezaji wengi hulifuata pikseli chache zenye hitilafu huruhusiwa, kwa hiyo dhamana huenda isikusaidie kwa nukta moja, ilhali haki ya kurudisha bidhaa katika siku za mwanzo huenda ikakusaidia.

Usiku zima taa za chumba na uangalie weusi. Mng'ao unaobadilika unaposogeza kichwa ni tabia ya IPS. Mwanga unaovuja kingoni na kubaki palepale hata ukisogea ni kasoro ya ufungaji, na skrini ya namna hiyo irudishwe. Mhariri wa picha aiache skrini ikiwaka kwa nusu saa kabla ya kuipima rangi, kwa kuwa mwangaza na weupe wake huhamahama ikiwa bado haijapata joto, na arudie kipimo hicho mara moja kwa mwezi au miwili. Boksi na vifungashio vyake visitupwe mpaka muda wa kurudisha upite.